Darasa la Dirishani: Nilivyofundisha Wanangu Nikimeza Dawa za Kifua Kikuu

Kama umerudi kutoka kliniki na pakiti yako ya kwanza ya vidonge, ukakuta watoto wako wamekaa mlangoni saa ambayo wenzao wako darasani, haya nayaandika kwa ajili yako. Mimi nimemaliza vidonge vyangu. Kifua kikuu kimepona. Yale mengine yaliyokuja pamoja nacho hayajapona yote, na sitajifanya yamepona ili maandishi haya yapendeze.

Naitwa Mama Riziki. Natoka upande wa Fizi, Kivu Kusini, na sasa tunaishi kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mwendo mfupi kutoka Base Camp, kituo chake kikuu. Kule kwetu nilifundisha shule ya msingi, na jioni nyingine nilisoma matangazo kwenye redio ndogo ya mtaa: nani amefiwa, mbuzi wa nani amepotea, mkutano wa wazazi uko wapi. Redio ilinizoesha kuuliza watu wawili watatu kabla ya kusema jambo. Tabia hiyo ilinifaa baadaye, ingawa yale niliyoyagundua nilitamani nisiyajue.

Nina watoto watatu. Riziki ni msichana na ndiye wa kwanza, Heri anamfuata, Neema ndiye kitinda mimba. Tulipofika Uganda, Riziki alikuwa amemaliza darasa la nne kwa Kifaransa. Hapa walimrudisha la pili kwa sababu ya Kiingereza, akakaa na watoto waliomfikia kiunoni. Mwaka ninaousimulia alikuwa darasa la tano, amemzidi kimo mwalimu wake wa hisabati. Siku moja tukipukuchua mahindi alituambia, mimi na baba yake: "Wakinirudisha tena darasa, sirudi shule. Munioze, munitume kazi, fasi yoyote. Pale sirudi."

Sikumkaripia. Hakuwa na hasira. Aliendelea kupukuchua.

Kikohozi kilianza kiangazi, wakati barabara yetu inapokuwa unga mwekundu na kila mtu anakohoa. Nilisema ni vumbi. Kisha jasho la usiku likaanza kulowesha godoro, na kitenge kilichokuwa kinanizunguka mara moja kikaanza kunizunguka karibu mara mbili. Nikawa siwezi kulala ubavu wa kushoto. Kliniki ya Base Camp walinipiga kifuani kwa vidole, wakasikiliza, wakasema kuna maji ndani, wakaniandikia kwenda Mbarara.

Mgonjwa haendi hospitali peke yake. Lazima awe na mtu wa kumpikia, kumfulia na kumkalia karibu. Sisi Wakongomani tunamwita gardimalade. Baba Riziki alibaki na watoto na shamba la maharage. Aliyejitolea kunisindikiza ni Mama Divine.

Sina budi kukueleza Mama Divine alikuwa nani kwangu. Tulikimbia pamoja, tukala mihogo mibichi pamoja njiani. Tulisali kikundi kimoja. Binti yake Divine na Riziki wangu walipishana kidogo tu kuzaliwa, na shuleni walikaa dawati moja. Nikisema "kwetu" katika miaka ile, nyumba yake ilikuwa ndani ya neno hilo.

Mbarara nilikaa kwenye mabenchi zaidi ya nilivyokaa kitandani. Benchi la picha, benchi la makohozi, benchi la daktari. Ukikaa sana kwenye benchi unajifunza kusoma watu: anayeshika bahasha kwa mikono miwili ni mara yake ya kwanza, anayeiweka chini ya makalio amezoea. Mama Divine alinishikia nafasi kila nilipokwenda chooni. Siku waliyonitoa maji mgongoni kwa sindano ndefu, alinikumbatia kwa mbele ili nisijitikise, paji langu likiwa begani mwake, na chupa ikajaa kitu cha rangi ya chai ya maziwa.

"Angalia vile Mungu ni mukubwa," aliniambia sikioni. "Hii yote ilikuwa mu mwili yako na ulikuwa unapiga kwaya!"

Nilicheka, na kucheka kuliuma.

Kitanda cha jirani alilala mama wa Kinyankole kutoka Bwizibwera. Ndugu zake walimletea maziwa kila asubuhi kwenye kibuyu cha plastiki, na kabla ya kunywa yeye alinimiminia mimi kikombe. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza sokoni. "Kunywa. Wewe iko mfupa tupu," alisema. "Mimi taona haya kunywa peke yangu mbele ya mfupa." Sijui jina lake hadi leo.

Walipotuambia ni kifua kikuu, tulikuwa mimi na Mama Divine tu. Muuguzi alieleza kwamba ni miezi sita ya dawa, kwamba siku za mwanzo nijitenge, na kwamba watoto wapimwe. Alipoondoka nilimshika Mama Divine mkono.

"Usiseme kwanza. Batoto bapimwe, kisha nitasema mwenyewe."

"Mama Riziki. Mimi na wewe, nani atatutenganisha? Itabakia hapa hapa."

Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema.

Nilirudi Nakivale mvua za kwanza zikianguka na muhula wa tatu ukiwa umefunguliwa. Baba Riziki alikuwa amenitengea chumba cha nyuma na kutoboa dirisha pana zaidi, kwa sababu kliniki walitaka hewa. Watoto walipimwa. Hakuna aliyekutwa mgonjwa. Neema alipewa dawa ya kinga kwa sababu ya udogo wake.

Vidonge vya miezi miwili ya kwanza ni vingi. Mkojo unakuwa mwekundu, usiogope. Mdomo unakuwa na ladha ya shaba. Magoti yanauma kama ya mtu mzee, na tumbo linakataa chakula mpaka jua lipande. Halafu inakuja njaa ambayo haina adabu: nilikula ugali wa watoto, nikalia, nikaendelea kula. Wanaume hawatasema, lakini hili linawaumiza. Baba Riziki alirudi shambani akakuta sufuria tupu, akaifunika tena taratibu, akatoka nje.

Bado nilikuwa najitenga watoto waliporudi kutoka shule katikati ya asubuhi. Riziki alisimama chini ya dirisha, mfuko wa madaftari kifuani.

"Mwalimu mukuu amesema tukae nyumbani mpaka mama atapona."

"Amesema nini kingine?"

"Amesema wazazi wamekuja kulia kwake." Akaubana mfuko. "Divine amehama dawati. Tangu juzi. Mama yake alimukataza kukaa na mimi."

Baba Riziki alikwenda shule siku hiyohiyo. Mwalimu mkuu ni Mganda, mtu mpole, na Kiswahili chake ni cha kuongea na wakimbizi tu. Alimwambia: "Mzee, mimi hapana shida na nyinyi. Lakini wazazi wanasema watatoa watoto yao. Sasa mimi ntafanya nini? Hawa wakae kwanza nyumbani." Muuguzi wa kliniki alimwandikia barua kwamba watoto wamepimwa, ni wazima. Akasoma, akashukuru, akaikunja. Watoto hawakurudi.

Nikaanza kuuliza. Nilimwita mwanamke wa kwanza wa kikundi chetu cha maombi aje asimame dirishani, kisha wa pili, kisha wa tatu, kila mmoja siku yake ili wasipangane. Wote walisimulia kitu kilekile. Kikundi chetu kina desturi: tukimwombea mgonjwa, ugonjwa unatajwa kwa jina, ndipo unakemewa utoke. Wanawake wanaukaripia kwa sauti, mikono juu. Jumatano, mimi nikiwa bado Mbarara, Mama Divine alikuwa amekuja nyumbani kubadilisha nguo, akapita kwenye maombi. Alipiga magoti katikati ya mkeka na kusema: "Bwana, tunakemea kifua kikuu katika mwili wa Mama Riziki." Wakakemea wote pamoja. Mke wa katekista alikuwepo, na mke wa mwenyekiti wa wazazi pia. Mmoja wa wale wanawake watatu aliniambia bila ubaya wowote, "Tulikuombea sana siku ile, dada, jasho lilitutoka."

Kwa hiyo aliporudi Mbarara kukaa kando ya kitanda changu siku iliyofuata, mtaa mzima ulikuwa umeshajua.

Mama Divine hakuja kuniona tangu nirudi. Nilimtumia ujumbe mara mbili. Alipokuja, alisimama mbali, kando ya kibanda cha kuku, kitambaa cha kanga puani.

"Karibia," nilimwambia. "Ulinikumbatia Mbarara bila kitambaa."

"Nina batoto, Mama Riziki."

"Na mimi nina nini?"

Akaivuta kanga vizuri puani.

"Uliniahidi nini pale Mbarara?"

"Niliahidi kutosema kwa batu. Kwa batu sikusema. Nilisema kwa Mungu."

"Mungu alikuwa peke yake kwenye ule mkeka?"

"Sasa kuomba ni zambi? Nikuombee, unione mubaya? Wewe mwenyewe ungefurahi nikae kimya, ufe?"

Nilifungua mdomo nimjibu. Kukohoa kukanishika, na macho yalipotulia nikamwona anarudi nyuma hatua kwa hatua, kanga bado puani. Hilo ndilo lililonikata kuliko ugonjwa. Mtu aliyeniuza kwa ubaya ningeweza kumtukana. Huyu alikuwa amefunga na kuniombea.

Jirani yetu wa upande wa pili, Mama Chantal, ni Mrundi na Mkatoliki, hakuwa wa kikundi chetu. Alikuja na uji wa mtama, akauweka dirishani, akaketi palepale chini ya dirisha kwenye kigoda.

"Nyinyi walokole mnaomba kwa sauti kubwa mno," alisema. "Sisi tunamnong'oneza padri, basi. Hata padri mwenyewe wakati mwingine hasikii."

Ndiye aliyenipa wazo, maana alipokaa pale chini niliona kwamba sauti yangu inamfikia vizuri, na kifua changu hakimfikii. Kesho yake niliwaambia wanangu walete mkeka.

Sasa nitakueleza tulivyofundishana, somo kwa somo, kwa sababu najua utahitaji.

Kwanza saa. Usijaribu kuiga ratiba ya shule. Vidonge vitakutesa asubuhi, basi waache watoto wachote maji na kulisha kuku. Anza jua likishapanda. Somo liwe refu kama pumzi yako. Mimi nilipoanza kuhema, somo lilikuwa limekwisha, na watoto walijua hivyo bila kengele. Ukilazimisha, utakohoa mbele yao, na wataogopa, na hakuna mtoto anayejifunza akiwa anamtazama mama yake akifa.

Kusoma anzia lugha ambayo mtoto anaota nayo. Neema alikuwa anasomeshwa Kiingereza cha kukariri, anaimba ukurasa mzima bila kujua neno moja. Nikaacha Kiingereza, nikamrudisha kwenye Kiswahili. Vitabu hatukuwa navyo. Tulisoma pakiti ya chumvi, mfuko wa unga, kipande cha sabuni kabla hakijayeyuka, karatasi ya vidonge vyangu. Nilikuwa nasema kutoka dirishani, "Niletee neno linaloanza kama jina lako," naye anakimbia uani kulitafuta. Mtoto anayetafuta neno kwa miguu halisahau. Alipojua kusoma Kiswahili, Kiingereza kilimfuata chenyewe, herufi ni zilezile.

Hisabati ndiyo iliyonipa aibu, na nakuambia ili usirudie. Kwa kujumlisha na kutoa, tumia maharage na vizibo vya soda. Kwa sehemu, kata ugali kabla hawajaula, nusu, robo, thumuni, watakusahihisha wenyewe ukikata vibaya. Kwa vipimo, mpe mtoto kikombe ajaze dumu la maji ahesabu. Riziki nilimfundisha kugawanya kama nilivyofundishwa na kufundisha maisha yangu yote, kwa mtindo wa shule zetu za Kifaransa: namba kubwa kushoto, kigawanyo kulia kwenye pembe yake, jibu chini ya kigawanyo. Aliandika kwa mkaa kwenye mlango kwa siku kadhaa, majibu yote sahihi, nami nikampongeza. Kisha akasema kwa sauti ndogo:

"Mama, hapa Uganda hawaandiki hivi. Wataniwekea kosa."

"Jibu si ni lilelile?"

"Jibu ndiyo. Lakini mwalimu haelewi nilitokea wapi."

Hapa kigawanyo kinakaa kushoto, nje ya kibanda, na jibu linapanda juu. Na pale sisi tunapoweka mkato kwenye desimali, wao wanaweka nukta, na mkato wanautumia kutenganisha maelfu. Mzazi Mkongomani au Mrundi anayefundisha nyumbani anaweza kumharibu mtoto wake kwa elimu nzuri kabisa. Basi nilimwambia Riziki anifundishe mimi. Alisimama mlangoni na mkaa wake, mimi ndani kama mwanafunzi, nakosea kwa makusudi mara nyingine na mara nyingine kwa kweli. "Apana, mama! Nimekuambia mara ngapi?" Alinikaripia kama walimu wanavyokaripia. Hakuna njia bora niliyoipata ya kumfanya mtoto ashike jambo kuliko kumpa mtu mzima wa kumkaripia.

Sayansi tulikuwa nayo mwilini mwangu. Heri ndiye aliyeuliza mbona mkojo wa mama ni mwekundu; tukaongea habari za figo. Nilipoacha kujitenga alinishika kifundo cha mkono akahesabu mapigo, kisha akahesabu ya kwake, akaniambia moyo wangu unakimbia kuuzidi wake. Kila wiki alihesabu tena, na kadiri ulivyopungua mwendo alikuwa anatangaza kama mtangazaji wa mpira. Pia tulifunga maharage kwenye kitambaa kibichi tuone yanavyochipua, lakini hilo utalipata kwenye kitabu chochote.

Jiografia tulichora kwa fimbo uani: kambi, barabara, Mbarara, Ruti upande wa barabara ya Kabale, Bwizibwera upande wa Ibanda kule maziwa yanakotoka. Mtoto ajue kwanza mahali alipo, ndipo umweleze milima ya mbali. Mama Chantal aliwachorea Burundi, akaweka kokoto mahali alipozaliwa. Kiingereza cha kuongea sikuwa nacho, sikujidai. Kila jioni kila mtoto alisema kwa Kiingereza jambo moja alilofanya mchana, Riziki akiwasahihisha. Redio ilituambia kilichobaki.

Hivyo ndivyo tulivyopita mvua za muhula wa tatu. Usidhani palikuwa na furaha. Kila asubuhi watoto wa shule walipita barabarani na sare zao, na Riziki alikuwa anaingia ndani mpaka wapite. Divine alikuwa kati yao. Alikuwa anatazama upande wa pili wa barabara, ambako hakuna kitu.

Kisha Mama Divine akaja tena. Safari hii alizungumza na Baba Riziki, shambani, mimi sipo. Alimwambia dada yake anakaa Ruti, na jirani ya dada yake anatafuta msichana wa kumsaidia kazi za nyumbani. Mtoto atakula vizuri, atatoka kwenye ugonjwa, na sisi tutapumua. "Hapa atarudishwa darasa tu," alisema. "Na Riziki amesema mwenyewe hatarudi. Alimwambia Divine."

Baba Riziki aliniletea maneno hayo jioni, akiwa amekaa kizingitini, mgongo kwangu.

"Umemjibu nini?"

"Nimesema nitakuuliza."

"Basi wewe unataka."

"Mama Riziki, mimi nimechoka." Mume wangu si mtu wa kusema amechoka. "Nalima, napika, nafua. Wewe unafundisha kwa pumzi gani? Ukianguka? Mtihani wenyewe hawatamruhusu. Mwaka umeenda."

Riziki alikuwa anasikia. Ukuta wetu ni wa udongo. Aliingia, akasimama kati yetu.

"Nitaenda Ruti," alisema. "Lakini nifanye mtihani kwanza. Wakinikataa, nitaenda."

Huyo alikuwa mtoto anayejadiliana bei ya maisha yake, na aliyetufikisha kwenye mjadala huo alikuwa mtu niliyemwita dada. Usiku huo sikumlaani. Nilikuwa najaribu kukumbuka kama kuna siku, tangu tuvuke, aliyonionea wivu, nisipate hata moja. Ningeipata, ningepumzika.

Mwisho wa miezi miwili nilirudi Mbarara kupimwa makohozi. Benchi lilelile, mimi safari hii nikiweka bahasha chini ya makalio. Baba Riziki ndiye aliyenisindikiza, akiwa na haya kati ya wanawake wote wale wenye sufuria. Majibu yalikuja safi. Vidonge vikapunguzwa. Nilimwomba muuguzi wa kliniki yetu kitu kimoja: asiandike tena, aende mwenyewe, siku ya kikao cha wazazi.

Alikwenda. Sikuruhusiwa kuingia, nilikaa chini ya mti wa shule nje ya uzio. Niliambiwa alisimama akaeleza, wazazi wakauliza, akaeleza tena. Mama Divine alikuwa mstari wa mbele. Hakusema neno. Alikuwa amelala na mimi chumba kimoja Mbarara, na yeye mwenyewe hajaugua. Angesimama tu, wote wangeona. Alikaa.

Mwalimu mkuu alikubali nusu. Watoto wafanye mtihani, ila wakae barazani, mbali na wengine. "Nje kuna hewa nzuri," alimwambia muuguzi, na nadhani alikuwa anajitetea mwenyewe.

Riziki alifanya mtihani wa mwisho wa mwaka barazani, kwenye kiti bila meza, ubao wa kukatia mboga magotini. Siku ya hisabati ilinyesha, upepo ukaleta maji, akageuza mgongo kukinga karatasi. Aliporudi sare ilikuwa imelowa nyuma tu. Nilimuuliza imekuwaje.

"Nimegawanya kama wao," alisema.

Alipanda darasa la sita. Heri pia alipanda, Neema alipanda. Riziki hakwenda Ruti. Baba Riziki aliposikia alikwenda nyuma ya nyumba, akarudi baada ya muda macho mekundu, akasema ni moshi, na jiko lilikuwa halijawashwa.

Vidonge vya miezi minne iliyobaki ni vichache, na hatari yake ni hiyo: unajiona mzima, unataka kuacha. Usiache. Mimi nilivimeza kiangazi kifupi chote cha mwanzo wa mwaka, tukiandaa mashamba, mwili ukirudi kidogo kidogo, mashavu kwanza, kisha makalio, jambo lililomfurahisha Mama Chantal kuliko mtu yeyote. "Sasa tunaweza kukupita barabarani tukakuona," alisema.

Nilipomeza cha mwisho, karibu na kufunguliwa kwa shule, Mama Divine alikuja na binti yake. Safari hii bila kitambaa. Divine alikuwa amerudishwa la tano. Hisabati na Kiingereza vilimshinda. Alisimama nyuma ya mama yake na daftari, msichana mrefu, macho chini. Niliyajua macho yale. Riziki alikuwa nayo miaka mitatu.

"Mama Riziki, uko mwalimu," Mama Divine alisema. "Batu wote banasema vile ulifundisha batoto. Unisaidie na huyu. Anasema hatarudi shule."

Nikatazama daftari la Divine.

"Tuache ya zamani," aliendelea. "Si nilikuombea, na ukapona? Tuombe kidogo pamoja, kisha waanze."

Riziki alikuwa mlangoni na mkaa mkononi. Alinitazama mimi tu.

"Divine abakie," nilisema. "Kuomba hatuombi. Wewe urudi, uje kumuchukua jua likishuka."

"Na mimi siwezi kungojea hapa kivulini?"

"Apana."

Alisimama kidogo, kama mtu anayedhani amesikia vibaya. Kisha akaondoka, na niliona kutoka mgongoni kwake kwamba analia. Sikumwita. Riziki alimsogezea Divine mkeka kwa mguu, bila neno, na hiyo ilikuwa salamu yao yote siku hiyo.

Divine anakuja kila siku baada ya shule. Sasa anasoma ukurasa wa Kiingereza bila kukwama sana. Wanawake wa kikundi, ambacho sijakirudia, wananiuliza kisimani kama nimemsamehe mama yake. Nawaambia mtoto anaendelea vizuri. Wakiuliza tena, nachukua dumu langu, ambalo sasa naweza kulibeba mwenyewe, naenda nyumbani.